Mwenye Duka Ajitaje

Mezani kwangu hapa Kikula, mjini Likasi, kuna risiti mbili. Zote nilipewa Lubumbashi siku moja, ya kwanza asubuhi, ya pili baada ya saa saba mchana. Ya kwanza ina nembo ya buluu na jina la duka kubwa ambalo watu wa mjini wanalisifu kwa ubaridi wake na vigae vyake. Ya pili ina nembo nyekundu na jina jingine kabisa, la duka linalojitangaza kuwa ni la watu wa kipato kidogo. Katika duka la buluu nilinunua kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya mama mkubwa, ambaye alikuwa amelazwa na chakula kingine kilikuwa hakipiti kooni. Nilipolitazama vizuri nje, kwenye jua, nikaona kikaratasi cha tarehe kimebandikwa juu ya tarehe nyingine, na ile ya chini ilikuwa imepita miezi miwili. Nikarudi ndani. Nikaambiwa kilichotoka mlangoni hakirudi. Nikaapa mbele ya watu kwamba mguu wangu hautakanyaga tena pale, nikavuka barabara mbili, nikaingia duka jekundu, nikalipa dola zangu kwa moyo uliotulia, nikiamini kwamba pesa yangu nimemnyima aliyenidhulumu na kumpa mshindani wake.

Barabara ya kurudi Likasi ni kilomita kama 120, na giza likishaingia hakuna la kutazama dirishani. Nikazitoa risiti, nikazisoma kwa mwanga wa simu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kulikuwa na nambari ya RCCM, yaani usajili wa biashara, na chini yake nambari ya kodi. Risiti zote mbili zilibeba nambari zilezile. Nilikuwa nimetoka kwa mtu kwa mlango wa mbele nikaingia kwake kwa mlango wa uani.

Ndiyo maana leo naandika kwa hasira, na hasira yangu siifichi. Kampuni moja ya maduka makubwa haina haki ya kujigawa majina matatu au manne ndani ya soko moja. Ichague jina moja, isimame nalo, isifiwe kwalo na itukanwe kwalo. Na ikiwa majina yake mengi imeyapenda hivyo kwamba haiwezi kuyaacha, basi juu ya kila mlango iandike jina la mwenye mali, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za nembo, mtoto wa shule ya msingi aweze kulisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Msomaji ambaye hajafika Kikula anisikilize kidogo. Sokoni kwetu mama muuza unga wa mahindi anakaa nyuma ya rundo lake. Mwenye franka chache anapimiwa kwa meka, yaani chombo cha kupimia, mwenye mgahawa anabebeshwa mfuko mzima, na wote wawili wanamtazama mama yuleyule usoni. Ukiona meka yake haijajaa, unamwambia, "Mama, mimi naenda," na unakwenda kweli, hatua tano, kwa mama mwingine. Yule wa kwanza anakuona ukienda. Anakuita. Anaongeza kiganja kimoja juu ya meka, tena cha kumwagika. Siri yote ya bei katika soko la watu maskini iko hapo, katika miguu ya mnunuzi. Sisi hatuna mwanasheria wa kumtuma. Hatuna ofisi ambayo ukipeleka kopo la maziwa mabovu unarudi na fidia yako. Tuna miguu. Kuondoka kwetu ndiko mashtaka yetu na ndiko hukumu yetu.

Sasa chukulia kwamba mama huyo amewaajiri wale mama wanne waliokaa kando yake, kila mmoja na kitenge cha rangi yake, wote wakijifanya hawajuani. Utaondoka kwake kwa hasira, utapita hatua zako tano, na pesa yako itarudi kapuni mwake kabla jua halijatua. Ana sababu gani ya kukuita? Ana sababu gani ya kuongeza kile kiganja? Soko la Kikula lingemgundua kwa wiki moja, na siku hiyo asingepata hata mtu wa kumtwika mzigo. Lakini kampuni ikifanya jambo hilohilo, kwa vioo na taa na mlinzi mwenye kofia mlangoni, tunaambiwa huo ni ustadi wa biashara, kwamba kila tabaka la wanunuzi lina jina lake. Mimi nauita ujanja wa kuwakata watu miguu.

Wapo ndugu zetu wengi wa Katanga na Kivu waliohamia Kanada, na kule wameukuta ujanja huu ukiwa umekomaa. Kampuni ya Loblaw inaendesha maduka ya Loblaws, inaendesha No Frills kwa wanaohesabu senti, inaendesha Real Canadian Superstore, ina Maxi huko Québec, na juu ya hayo inamiliki maduka ya dawa ya Shoppers Drug Mart. Mwishoni mwa 2017 Loblaw na kampuni mama yake, George Weston, zilikiri hadharani kwamba zilikuwamo katika njama ya kupanga bei ya mkate, njama iliyodumu tangu 2001 hadi 2015. Mkate, chakula cha mtoto anayekwenda shule! Mwaka 2024 zilikubali kulipa dola milioni 500 za Kanada ili kesi za wanunuzi ziishe. Na mwezi Mei wa mwaka huo wanunuzi waliochoshwa na bei waliamua kuisusia Loblaw mwezi mzima. Kazi yao ya kwanza, kabla ya kususa chochote, ikawa kuelezana ni maduka gani hasa ya kususa. Aliyeacha Loblaws akaenda No Frills alikuwa hajasusa kitu. Aliyeacha zote mbili akanunua sabuni na maziwa kwenye duka la dawa, naye alikuwa bado yumo. Nchi tajiri, yenye mamlaka ya ushindani na magazeti na mahakama, na mwananchi wake anahitaji orodha mkononi ili ajue namna ya kumkimbia mtu mmoja. Sisi wa Kikula tutakimbilia wapi?

Ubelgiji, nchi iliyotutawala, nayo ina ya kwake. Delhaize, duka la Wabelgiji tangu 1867, liliungana na Ahold ya Uholanzi mwaka 2016. Ahold ilikuwa tayari imekwisha kuingia Ubelgiji kwa jina lake la Albert Heijn. Mamlaka ya ushindani ya huko ilizilazimisha ziachie baadhi ya maduka, kisha ndoa ikapita, na mpaka leo majina yote mawili yananing'inia, pengine mtaa mmoja, na mfuko ni mmoja.

Lakini watu wa Likasi hawahitaji Kanada wala Ubelgiji ili walielewe hili. Sisi tumebadilishiwa majina kuliko watu wengi duniani. Mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa mabwana walioijenga kampuni ya migodi ya Union Minière. Mwaka 1966 ukawa Likasi. Mwaka uliofuata Union Minière yenyewe ikanyang'anywa migodi, ikaja Gécomin, kisha Gécamines. Katanga ikaitwa Shaba, ikarudi kuwa Katanga, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Kongo ikawa Zaire, ikarudi kuwa Kongo. Mzee aliyezaliwa Kikula wakati wa Wabelgiji amepita katika majina yote hayo bila kuhama nyumba, na amebaki na swali moja tu kila bango jipya linapopandishwa: funguo anashika nani?

Alijifunza swali hilo kwa maumivu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na madepo ya wageni yakakabidhiwa kwa watu waliochaguliwa, na jina la mwenye mali likabadilika kwa muda mfupi. Wazee wetu wanasimulia jinsi shelfu zilivyokauka, jinsi mtu alivyoingia dukani kwa mazoea, akakuta kaunta ileile na mizani ileile, na nyuma yake mtu asiyejua bidhaa inaagizwa wapi. Pale ukuta ulibaki na mwenye nyumba akabadilika. Leo tunafanyiwa kinyume chake: kuta nne, mabango manne, mwenye nyumba mmoja. Katika hali zote mbili anayenunua ndiye wa mwisho kuambiwa.

Baba yangu alifanya kazi Shituru, kwenye kiwanda cha shaba. Katika nyumba za wafanyakazi wa Gécamines unga ulitoka kwa mwajiri, kama ulivyotoka zamani kwa Union Minière. Posho ilikuwa na uonevu wake, sitaki kuipamba. Mtu aliyelishwa na bwana wake alikuwa na mdomo mzito wa kumjibu. Lakini angalau jina lilikuwa moja. Unga ukiwa na funza, kila mke wa mfanyakazi alijua ni nani kauleta na ofisi yake iko wapi. Mwezi Desemba 1941, vita vya Ulaya vikiwa vimepandisha gharama za maisha na mshahara ukiwa palepale, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma hapa Jadotville na kule Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Walijibiwa kwa risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa Élisabethville tarehe 9, na wengi wakaanguka pamoja naye. Walikufa, lakini walikufa wakiwa wamesimama mbele ya mwenye mali. Walijua mlango. Hiyo ni haki ndogo mno, haki ya kujua mlango wa kusimama, na kampuni yenye majina manne inataka kutunyang'anya hata hiyo.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi, na hapa naomba wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanivumilie, maana pengine hawalioni kama tunavyoliona sisi. Kikula haikuota yenyewe kama uyoga. Ilipangwa iwe makazi ya Waafrika, wazungu wakae upande wao na maduka yao. Huko Élisabethville waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, na Mwafrika aliyeuvuka usiku alitakiwa aeleze anakwenda wapi. Sasa wataalamu wa biashara wanakuja na michoro yao wanasema: jina hili litakuwa la mjini, lenye jibini na mvinyo na mikate ya moto, jina lile litakuwa la vitongojini, lenye taa hafifu, mchele wa daraja la chini na makopo yaliyobakiza mwezi mmoja. Wanauita mgawanyo wa soko. Mimi niliyezaliwa Kikula naujua ukanda ule nikiuona, hata ukichorwa kwa rangi za nembo.

Shoprite ya Afrika Kusini ni mfano unaojulikana. Kwao ina ngazi tatu: Checkers kwa wenye mifuko minene, Shoprite kwa walio kati, Usave kwa maskini. Haifichi kwamba zote ni zake, na kwa hilo naipa heshima yake. Ilipoingia Zambia mwaka 1995, na Kinshasa mwaka 2012, ilikuja kwa jina lake la Shoprite, na ilipoondoka Kinshasa kila mtu alijua aliyeondoka ni nani. Ninachokipinga ni ngazi yenyewe. Mtu akishakuwekea jina la duka lako kulingana na umaskini wako, atakuwekea pia ubora wako, na tarehe zako, na lugha ya wafanyakazi wake watakapokujibu kwamba kilichotoka mlangoni hakirudi.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba maskini anahitaji duka la bei nafuu, na kwamba gharama za vigae na ubaridi haziwezi kubebwa na mnunuzi wa Kikula. Ni kweli. Nani amekataa? Jengeni duka la sakafu ya saruji, uzeni mchele kwa kilo na mafuta kwa chupa ndogo, punguzeni taa. Lakini kwa jina lenu! Nimekwisha kusimulia jinsi mama wa unga anavyouza kwa meka na kwa mfuko akiwa na uso mmoja. Akimpunja wa meka, wa mfuko anasikia, na wote wawili wanamkimbia. Hilo ndilo linalomtia adabu. Duka la Kikula likibeba jina lilelile la duka la mjini, maziwa mabovu ya Kikula yatawatia aibu mbele ya wateja wao wa mjini, na aibu hiyo ndiyo ulinzi pekee ambao mtoto wa Kikula anaweza kuupata bila kulipa wakili. Wanaotenganisha majina wanajua hivyo vizuri. Wanachotenganisha ni aibu.

Nitaambiwa pia kwamba jina la zamani lina wapenzi wake, na ukilifuta unapoteza wateja. Twende Kenya, kwa sababu huko jambo hili lilijaribiwa mbele ya macho yetu. Kampuni ya uwekezaji ya Adenia Partners ilinunua sehemu kubwa ya maduka ya Tumaini mwaka 2018, kisha ikachukua Quickmart, duka lililoanzia Nakuru mwaka 2006. Ghafla ikawa na majina mawili katika mji mmoja wa Nairobi, na yote mawili yalikuwa na watu wake. Ingeweza kuyaacha yashindane kwa maigizo. Badala yake iliyaunganisha, na mabango ya Tumaini yakashushwa, yakapanda ya Quickmart. Sitasema haikuuma. Tumaini ni jina zuri kuliko majina yote ambayo duka linaweza kupewa katika Kiswahili, na wapo watu wa mitaa ya kawaida waliolizoea kama jina la jirani. Lakini uamuzi ulikuwa wa kweli: mwenye mali mmoja, jina moja. Quickmart haikufa kwa ajili hiyo. Ilizidi kufungua matawi, na mnunuzi anayegombana nayo Nairobi anajua kwamba akitaka kuikomoa aende kwa mshindani wake, Naivas.

Waingereza nao walijaribu njia ya kinyago. Tesco, iliyokuwa inaogopa maduka ya bei nafuu ya Kijerumani, ilianzisha jina jipya la Jack's mwezi Septemba 2018 ili ipigane na Aldi na Lidl bila kuvaa nguo zake. Mapema 2022 ilitangaza kulifunga. Haikufika miaka minne.

Wengine watanitajia Nakumatt. Watasema: hilo lilikuwa jina moja, nembo moja ya tembo kuanzia Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam, na lilipoanguka likaanguka lote, likaacha wenye kuleta bidhaa wakilia. Ndiyo, lilianguka, na Tuskys ikafuata. Jina moja halimkingi mtu na madeni. Lakini fikirini ingekuwaje kama Nakumatt ingekuwa na majina matano. Mkulima wa maziwa ambaye hajalipwa miezi sita na jina la kwanza angeendelea kupeleka maziwa kwa jina la pili, akiamini huyu ni mwingine, ana afya. Angegundua siku ya mazishi kwamba marehemu ni mmoja. Tembo alipoanza kuyumba shelfu zake zilionekana tupu Nairobi na zikaonekana tupu Kampala, na mwenye akili akaacha kumkopesha.

Na tukifika kwa mleta bidhaa, hapo ndipo hasira yangu inapogeuka kuwa hofu. Mnunuzi anadanganywa na bango. Mleta bidhaa anabanwa koo. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo, Majid Al Futtaim, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu yake dhidi ya waleta bidhaa wawili, mmoja wa asali, mwingine wa mafuta ya kupikia. Walilalamikia makato waliyolazimishwa kuyakubali. Hiyo ni kampuni yenye jina moja mlangoni, katika nchi yenye mamlaka iliyo macho. Sasa mchukue mama wa Kikula anayesindika karanga, au kikundi cha wakulima wa mahindi wa Kambove. Anapeleka sampuli zake duka la buluu, anakataliwa bei. Anafarijika: nitajaribu duka jekundu. Anaingia ofisini kwa duka jekundu, na meneja wa ununuzi ana karatasi ya bei iliyotoka duka la buluu, kwa sababu ofisi ya ununuzi ni moja. Anadhani amebisha hodi kwenye nyumba mbili. Amebisha dirisha na mlango wa nyumba moja.

Kampuni hiyohiyo ya Majid Al Futtaim ilitupa somo jingine mwezi Januari 2025. Oman, ambako Kiswahili kinazungumzwa majumbani tangu vizazi vingi, jina la Carrefour liliondolewa na maduka yakaitwa HyperMax. Mwenye mali hakubadilika. Sikatai mtu kubadili jina. Mji wangu umefanya hivyo. Lakini ilitangazwa waziwazi, lililoondoka likaondoka na lililokuja likaja, na Mswahili wa Muscat alijua tangu siku ya kwanza kwamba mwenye duka ni yuleyule. Hilo tu ndilo ninalolidai: kujulishwa.

Tena lipo jambo la karibu zaidi, lililofanyika katika nchi yetu wenyewe. Benki ya Equity ya Kenya ilipoichukua BCDC, benki iliyoanza mwaka 1909 ikiitwa Banque du Congo Belge, ilijikuta na majina mawili katika soko moja. Mwishoni mwa 2020 iliyaunganisha ikaandika EquityBCDC. Jina la zamani lililopendwa limo, jina la mwenye mali mpya limo, na mzee anayekwenda kuchukua pensheni yake anasoma yote mawili kabla hajavuka kizingiti. Haikuhitaji miujiza. Ilihitaji herufi chache zaidi kwenye bango. Kama benki, ambayo imezoea siri, imeweza, muuza mchele anashindwaje?

Naandika haya sasa kwa sababu wakati ndio huu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mabenki ya Kenya yameshakuja. Wenye maduka nao wanapiga hesabu za barabara ya mpakani Kasumbalesa. Mimi siwaogopi wageni, nasema wazi. Sheria yetu ya 1990 imewahifadhia raia biashara ndogondogo, na mama zetu wa Kikula hawatahamishwa na taa za mtu. Lakini duka kubwa likija kwa majina matatu litakula soko kidogokidogo, na kila mtu atadhani waliokuja ni watatu wadogo, kumbe ni mmoja mkubwa.

Na zana tunazo. Tangu 2012 sisi ni wa OHADA, yaani jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na kila mfanyabiashara ana nambari yake ya RCCM. Sheria yenyewe inatofautisha enseigne, yaani jina la mlangoni, na dénomination sociale, yaani jina la kampuni. Tuna pia sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Kinachokosekana ni mtu wa kuchukua hicho kilichoandikwa kwa herufi za mayai ya chawa chini ya risiti na kukipandisha juu ya mlango. Meya wa Likasi anaweza kulidai jambo hili kabla ya kuruhusu bango lolote kusimamishwa mjini. Bourgmestre, yaani mkuu wa komini, wa Kikula anaweza kulidai kesho asubuhi. Hakuna dola ya msaada inayohitajika, hakuna semina ya hoteli, hakuna mtaalamu wa kutoka nje. Ni rangi na brashi.

Wizara ya uchumi huko Kinshasa nayo iulize swali la pili, ambalo meya hana uwezo nalo: kampuni hii, ukijumlisha majina yake yote, imeshika kiasi gani cha mchele, cha mafuta, cha maziwa ya watoto katika mji mmoja? Hesabu ikifanywa jina kwa jina, kila moja litaonekana dogo na halina madhara. Lazima ifanywe kwa nambari ya RCCM. Anayehesabu mabango amekwisha kudanganywa kabla hajafungua daftari.

Mama mkubwa alipona, Mungu ashukuriwe, kwa maziwa mengine yaliyonunuliwa hapahapa sokoni, kwa mtu anayejulikana kwa jina lake na la baba yake. Jumamosi nilikwenda na zile risiti mbili nikawaonyesha akina mama wa upande wa unga. Mmoja wao, ambaye macho yake bado yana nguvu, alizichukua akazisogeza kwenye mwanga, akasoma nambari ya kwanza kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, wenzake wakimsikiliza. Akasoma ya pili. Alipofika katikati wengine walikuwa wanaitamka pamoja naye. Akanirudishia risiti, akageuka kutazama upande wa barabara inayotoka Lubumbashi, ambako ukuta mpya umeinuliwa na bango limefunikwa turubai mpaka siku ya ufunguzi.

"Na lile," akaniuliza, "la nani?"